Korongo wa Bibi Shamba

Chai yake aliinywa akiwa amesimama, mguu mmoja ndani ya duka langu na mwingine nje, pikipiki ikiunguruma pale kibarazani kama vile mafuta yanachotwa mtoni. Nilimjua kwa miaka mingi na sidhani kama niliwahi kumwona akimaliza kikombe. Nikimwambia, "Bibi Shamba, kaa basi," ananijibu, "Nipe dakika mbili," na hizo dakika mbili maana yake ni kwamba ameshaondoka.

Alizaliwa wapi na baba yake ni nani, hayo waulizeni wengine. Hapa Kasulu watu hupenda kuulizana nani alivuka mpaka lini na nani ana karatasi gani, nami mazungumzo hayo yamenichosha. Kwangu alikuwa Bibi Shamba, afisa ugani, mwanamke wa buti za mpira na koti la mvua la kijani, aliyeajiriwa kuwafundisha watu nafasi za kupandia mahindi na badala yake akawafundisha kutazama juu. Mimi ni muuza pembejeo: mbegu, mbolea, mabomba ya kupulizia, dawa za wadudu. Asili yangu ni Ujiji, nilifuata biashara huku milimani. Siku ya kwanza aliponiona na baraghashia yangu nyuma ya makopo ya dawa akaniita Shehe wa Sumu, na jina likaganda, ingawa msikitini huonekana Ijumaa kwa Ijumaa na si kila Ijumaa.

Nasema mapema msije mkaniona mtu mwema kadiri mnavyosoma. Kuna jambo nilimficha kwa miaka minane, na jambo hilo ndilo lililomharibia jina. Nitalifikia. Ila kwanza mumjue, maana bila kumjua hamtaona uzito wake.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba korongo wale weupe, wenye mabawa meusi nchani na miguu mirefu myekundu, si wa kwetu. Wanakuja mvua zikianza, wanakula huku wakati kwao ni baridi, na Machi ikiingia wanarudi kaskazini kutaga. Mimi nilikuwa nikiwaona tangu utotoni na kwangu walikuwa ndege tu. Alinipeleka Heru Juu asubuhi moja kunionyesha namna wanavyoondoka. Nilidhani wataondoka alfajiri, kama wasafiri wa basi. Kumbe hapana. Walisimama shambani kama wazee wanaosubiri kikao, saa moja ikapita, saa mbili, saa tatu, mimi nimeacha duka limefungwa na wateja wananipigia simu.

"Bibi Shamba, hawa hawaendi popote."

"Tulia wewe. Wanangoja ardhi ipate moto. Hewa ikianza kupanda, wanapanda nayo."

Saa nne na kidogo mmoja akaruka, akajizungusha juu ya mlima bila kupiga bawa, wengine wakamfuata, mduara ukawa unapanda na kupanda mpaka shingo zikatuuma. Halafu kundi lote likanyooka kuelekea Kibondo, na zaidi ya Kibondo, hadi nchi ambazo mimi na yeye hatutaziona. Nilimgeukia nikamkuta analia. Alijifuta kwa mkono wa koti akasema vumbi, na siku hiyo ardhi ilikuwa imelowa chapachapa.

Kuanzia Februari alikuwa kiguu na njia. Ofisini walijua: usiitishe kikao cha Bibi Shamba Februari wala Machi. Utamkuta Titye asubuhi, mchana Heru Juu, jioni kasimama barabara ya Kibondo anatazama mbayuwayu waliojipanga kwenye nyaya za umeme. Ugali alikula njiani, tonge mkononi, dagaa kwenye karatasi. Alihama nyumba za kupanga mara tano, zote mtaa mmoja. Kila Machi aliandika barua ya kuomba uhamisho, na mkuu wake alinisimulia kwa kicheko kwamba palipotakiwa kuandikwa aende wapi, mwaka mmoja aliandika, "Popote, upande wa kaskazini." Aprili ikifika, ndege wameisha angani, anakwenda mwenyewe kuiomba barua yake irudishwe.

Kuhesabu alihesabu kwa maharage. Mfuko wa kulia wa koti ulijaa maharage. Kila ndege kumi wakipita, punje moja inahamia mfuko wa kushoto. Macho hayashuki, mkono unafanya kazi peke yake. Kundi likiisha anamwaga mfuko wa kushoto kwenye kiganja na kuandika daftarini. Mkulima akimwambia, "Nakumbuka mwaka ule walikuwa wengi," anamkata palepale: "Usiniambie unakumbuka. Niambie umeandika." Maharage hayohayo niliwahi kumkuta anayachemsha, ya mfuko wa kulia na ya mfuko wa kushoto kwenye sufuria moja.

Darubini aliipata soko la Nyarugusu, kambi ya wakimbizi, ambako ukitafuta kwa uvumilivu utapata kila kitu kilichowahi kusahauliwa na mzungu. Nilikuwa naye siku hiyo. Muuzaji alikuwa Mkongo mmoja mwenye maneno mengi.

"Maman, hii jumeli iko ya solide. Jicho moja tu ndiyo ilikufa. Ile ingine inaonaka mpaka Bukavu."

"Na hilo lililokufa nalipia?"

"Ile nakupea kado, maman."

Akacheka mpaka akashika mbavu, akainunua. Tangu hapo alitazamia jicho moja, lingine kalifumba, uso wote umekunjamana upande. Juma lilelile mlinzi mmoja wa kambi alimkamata akiwa kaielekeza uzioni, akamwona jasusi. Bibi Shamba hakubisha. Alimpa darubini ashike, akamwambia tazama kwenye ule mti mkavu, kuna keremkerem, ana kidevu cha njano na mgongo wa rangi ya mdalasini. Mlinzi alitazama. Aliporudisha darubini alikuwa ameshasahau kesi, anauliza kama jioni wanarudi palepale.

Msidhani alikuwa mtu laini. Alichinja kuku huku anazungumza na simu. Kwelea wakivamia mtama alikuwa wa kwanza kugonga debe, tena kwa matusi. Nikamuuliza, "Hawa si ndege? Hesabu basi." Akanijibu kwamba kwelea ni mwizi, na mwizi hata akiwa na mabawa ni mwizi tu. Kanisani alikuwa mama wa heshima, mbele kabisa, ila Jumapili moja ya Matawi, maandamano yakipita mbele ya duka langu, keremkerem walipita juu na ule mlio wao unaousikia kabla hujawaona. Akasimama. Waliokuwa nyuma yake wakasimama. Padri aliendelea mbele na watoto wa kwaya na matawi yao, nusu ya waumini wamebaki kwangu wanatazama mbinguni wakidhani kuna ishara. Mimi nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya magunia ya mbolea.

Sasa lile jambo.

Viwavijeshi wakiingia kwenye mahindi, hula kama moto. Leo shamba la kijani, keshokutwa vijiti. Mkulima hukimbilia dawa, na mimi ndiye mwenye dawa, kwa hiyo sitasema kwamba nilichukia viwavi. Lakini Bibi Shamba aliona kitu ambacho wengi hatukukiona: korongo huwafuata viwavi. Kundi zima likitua shambani asubuhi, jioni unatafuta kiwavi wa kumwonyesha mgeni humpati. Na ukipuliza dawa kabla hawajaja, unawalisha sumu. Basi akaweka utaratibu wake. Viwavi wakionekana, anatafuta korongo wako wapi, anapiga hesabu, halafu anawaambia wakulima: ngojeni siku tatu, msipulize. Mara mbili alifanya hivyo, na mara mbili ndege wakaja. Watu walianza kumwamini kuliko walivyoniamini mimi, nami nilinuna kidogo, siwezi kukana.

Mwaka ule viwavi waliingia Titye mwanzoni mwa Machi. Jumatatu aliitisha mkutano. Mama Joselina, mjane mwenye watoto wanne na ekari mbili za mahindi yaliyofika magotini, alisimama akauliza, "Bibi Shamba, mimi sina pa kujaribia. Nikikosa haya sina mengine. Nipulize au ningoje?"

"Ngoja siku tatu, mama. Nimewaona jana kwenye mbuga za Malagarasi. Wanakuja huku. Nakuahidi."

Mama Joselina akangoja. Pesa ya dawa alikuwa nayo, ameifunga kwenye pindo la kitenge, wenzake walimwona. Akaiacha palepale.

Jumanne akaja kwangu tajiri mmoja mwenye mashamba ya kukodi, bonde la pili kutoka Titye. Alitaka dawa kali. Nilikuwa na makopo nyuma ya stoo, ya ile dawa iliyokwisha kupigwa marufuku, nilishindwa kuyatupa kwa uchoyo wangu. Nilijua wazi mkutano wa Jumatatu umesema nini. Nilijua ndege wanatarajiwa. Nikamuuzia, nikamwambia achanganye mara mbili ya kipimo ili amalize kazi mara moja.

Jumatano alasiri yule tajiri akanipigia simu. "Njoo uone dawa yako." Nilikwenda. Korongo walikuwa wamelala katikati ya mistari ya mahindi, weupe kama nguo zilizopeperushwa na upepo kutoka kwenye kamba. Wengine walikuwa bado wamesimama, magoti yanakunjika, midomo inagonga ka-ka-ka. Waliosalimika walizunguka juu yetu mara mbili, wakaenda zao, hawakutua tena upande ule. Tulichimba shimo, mimi na yeye na vibarua wawili. Tulifukia arobaini na mmoja. Nilihesabu bila kutaka, nadhani ni kwa ajili yake. Tukakubaliana kufunga midomo, yeye akiogopa kijiji, mimi nikiogopa leseni yangu.

Alhamisi ikaisha. Ijumaa ikaisha. Titye hakutua hata mmoja. Mahindi ya Mama Joselina yalibaki mabua, na mwaka mzima alilima vibarua kwenye mashamba ya watu akiwa na mtoto mgongoni. Bibi Shamba akaitwa Bibi Korongo sokoni, mbele ya uso wake. Watu waliacha kumsimamisha barabarani. Na uhamisho ukaja, safari hii bila yeye kuuomba, kwenda Kibondo.

Alipita dukani kuniaga. Pikipiki ilikuwa imezimwa. Akasema, "Shehe, nilihesabu vibaya. Nimepitia daftari lote, sioni nilipokosea, lakini nimekosea."

Mimi nikasema, "Ah, ndege ni ndege tu, Bibi Shamba."

Hilo ndilo nililosema. Nimeona aibu nyingi maishani, nyingine nimezizoea kama jino bovu, lakini hiyo haijawahi kuzoeleka. Kila Machi huwa sishikiki. Nafungua duka, nafunga, natoka kutazama juu, narudi. Mke wangu alifikiri ni sukari, akanipeleka kupima.

Machi hii nilipeleka mbegu za maharage Kibondo. Nikirudi, nje kidogo ya mji, pale nyasi zinapofunguka pande zote mbili za barabara, nilimwona. Ameshastaafu. Amekonda, ana fimbo, amesimama ukingoni mwa shamba lililovunwa, na mbele yake korongo wametapakaa. Nilisimamisha gari kabla sijaamua kulisimamisha.

"Shikamoo, Bibi Shamba."

"Marahaba, Shehe." Hakugeuka. "Umenenepa. Nimekusikia kwa hatua."

"Leo wamechelewa."

"Mawingu. Jua likitoka utawaona."

Tulisimama. Akapita mama mmoja na jembe begani, akamsalimu kwa magoti, akamwambia, "Bibi, viwavi wameingia kwa jirani yangu. Nipulize au nisubiri hawa ndege? Watu wanasema wewe unajua."

"Oya, hapana, mama. Sijui mimi. Nenda ofisini ukaulize."

Yule mama akaenda, amevunjika moyo. Nilimtazama Bibi Shamba mikono yake: ilikuwa inasokota fimbo, inasokota, inasokota.

"Lakini unajua," nikamwambia.

"Nilijua. Nikamponza mtu. Siku hizi naangalia tu, Shehe, sisemi. Nikiwaangalia hawa najiuliza ni lini watanidanganya tena."

Nikavua baraghashia yangu. Nikasema yote kwa mkupuo, kama mtu anayetapika. Nikasema walikuja. Nikasema dawa ilikuwa yangu, ya marufuku, na kwamba nilijua. Nikasema shimo liko wapi.

Aliikita fimbo ardhini. Kisha akauliza, "Wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Siku gani?"

"Jumatano."

Akahesabu kwa vidole, kidole cha kwanza, cha pili. "Siku ya pili," akasema. "Niliahidi tatu, wakaja siku ya pili."

Hapo jua lilikuwa limetoka. Korongo wa kwanza akaruka, kisha wengine, mduara ukaanza kupanda nyuma ya mabega yake, na yeye hakugeuka kuwatazama. Alinitazama mimi. Nilidhani atanipiga kwa ile fimbo, na Mungu anajua ningefurahi.

"Mama Joselina anajua?"

"Hajui mtu."

"Miaka minane yule mama ananijua mimi mwongo. Watoto wake wamekua wakijua hivyo."

"Bibi Shamba, nisamehe."

"Hilo la kwangu utaliuliza siku nyingine, na sijui nitakujibu nini. Sasa hivi washa gari."

"Tunakwenda wapi?"

"Titye. Na utamwambia wewe. Mimi sitafungua mdomo."

Safari ni ndefu. Mimi nilikuwa napanga maneno: kwamba biashara ilikuwa mbaya, kwamba yule tajiri alinisukuma, kwamba sikujua wangetua bonde lile. Kila kilomita nilipata sababu nyingine nzuri zaidi. Tulipopita Kasulu nilikuwa nimeshazikariri zote.

Mama Joselina tulimkuta uani anageuza mihogo juani, mikono imejaa unga mweupe. Nywele zimeanza mvi. Aliponiona akafurahi, akasema, "Yoo, muuza dawa! Karibu, baba," na kwa kuwa mikono ilikuwa michafu akaninyooshea kifundo cha mkono nishike, kama ilivyo desturi. Nikakishika. Kisha akamwona aliyekuwa nyuma yangu. Uso ukafunga. Alimwamkia, maana adabu ni adabu, lakini kifundo hakunyoosha. Aliinama akaendelea kugeuza mihogo.

Bibi Shamba alisimama na mkono wake mbele kidogo, tayari umeshatoka kupokea, halafu akaurudisha polepole. Nilizisahau sababu zangu zote.

"Mama Joselina," nikasema, "nimekuja na neno la mwaka ule wa viwavi."

"Yale yalishapita, baba."

Nilimtazama Bibi Shamba, nikitumaini, sijui nikitumaini nini, labda aseme basi, tuache. Akanong'ona, "Usianze na habari zako. Anza na dawa."

Nikachuchumaa kwenye mihogo, mbele ya yule mama, ili asilazimike kuinua kichwa kunisikia. Nikaanza na dawa.